Majiko mawili na paka wengi: nyama choma ya Majengo, Moshi, kwa mwenye aleji

Kwa asiye na muda wa kusoma yote: mbuzi wao mtamu, jiko la kitimoto, yani nguruwe, liko mbali kabisa na jiko la mbuzi na kuku, wahudumu wanasikiliza, ila paka ni wengi mno na kama una aleji ya paka usikubali kukalishwa ndani. Nawapa nyota nne. Ya tano wameipoteza kwa wale paka na kwa ndizi zao ambazo zinakuja wakati nyama imeshapoa na mafuta yameganda kwenye sahani.

Jina sitaji, kwanza bango lenyewe limefutika na kila mtu anapaita anavyojua. Ni Majengo, ukitokea stendi bodaboda ni buku, mwambie akupeleke pale penye majiko mawili kila jiko na upande wake, atapajua.

Sasa wenye muda tukae. Mimi sili kitimoto na siyo mambo ya dini. Ni Mchagga wa Kibosho, nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na banda la nguruwe toka sijazaliwa, nimekula mdudu, yani huyo huyo nguruwe, wa kukaanga wa rosti na wa kuchoma mpaka ukubwani. Leo nikikaa na washkaji wao wakaagiza kilo mbili kavu mimi nikaagiza mbuzi maswali ni yale yale, eti mangi umekuwa Msabato lini, mwingine anauliza umesilimu tukuiteje siku hizi. Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwaiyo naandika humu humu kwenye hii rivyuu alafu nitakuwa nawatumia linki.

Shida yangu ni kwamba nina aleji ya paka, na hiyo aleji ya paka ndo imeninyima kitimoto. Cheka tu. Hata mimi nilivyokwenda kwa daktari wa ngozi nikamweleza nimekula nguruwe nikatoka vipele mwili mzima na midomo ikavimba, akaniangalia akaniuliza nyumbani una paka? Nikajua huyu hajanisikia. Kumbe amenisikia vizuri sana. Nyumbani tulikuwa na paka miaka yote na mimi ndo yule wa kupiga chafya asubuhi na macho mekundu, mama anasema ni baridi ya mlimani.

Hii kitu ipo na inajulikana, madaktari wa Ufaransa waliiandika mwaka 1994 na huko nje wameipa jina la hao wanyama wawili kwa pamoja, nguruwe na paka. Inavyofanya kazi ni hivi. Kwenye damu ya wanyama wengi kuna protini inaitwa albumini, wewe unayo, ng'ombe anayo, kuku anayo. Paka anayo kwenye damu na inatoka pia kwenye mate yake na kwenye yale magamba madogo madogo ya ngozi yanayopukutika, wewe uliyeko naye nyumbani unavuta hivyo vitu puani kila siku miaka na miaka. Kuna watu mwili wao unaamua albumini ya paka ni adui unatengeneza kingamwili za IgE za kupambana nayo. Sasa albumini ya nguruwe imefanana mno na ya paka, kwaiyo siku umekula nguruwe zile kingamwili zinafanya kama polisi aliyepewa picha ya mtu mmoja akaenda kumkamata pacha wake. Ndo hapo unavimba.

Ona sasa inaanzia kwa paka siyo kwa nguruwe. Hupati aleji ya paka kwa kula kitimoto. Na inachukua muda kujijenga ndo maana watoto wadogo hawapati sana, ni vijana na watu wazima, mtu amekula vizuri maisha yake yote alafu siku moja inamgeuka anasema karogwa au nyama ilikuwa ya zamani.

Na kabla hamjaanza kutishana kwenye magrupu, wengi wenye aleji ya paka hawana shida kabisa na nguruwe. Kinachowasumbua wao kwa paka ni protini nyingine, inaitwa Fel d 1, hiyo haihusiani na nyama yoyote. Wanaodhurika na ile albumini ni wachache, na kati ya hao ni wachache zaidi ambao wakila nguruwe kweli wanaumwa. Kwaiyo kama una paka unapiga chafya na unakula kitimoto chako vizuri endelea kula, usiache kwa ajili yangu.

Kilichonichanganya mimi ni kwamba haikuwa kila mara. Nakula kitimoto kavu kile cha kukaangwa mpaka kinagonga meno, hakuna kitu. Nakwenda semina Arusha hoteli wanatoa soseji za nguruwe asubuhi na zile nyama nyembamba za pinki, hata chai sijamaliza mdomo unawasha, tumbo linakata, vipele vinapanda shingoni. Daktari akasema ndo ilivyo, albumini inaharibika na moto, nyama iliyoiva sana inaweza isikufanye kitu au ikufanye kidogo, ila nyama iliyopitishwa motoni juu juu na hizi za kukaushwa kwa moshi na soseji ndo zinaleta balaa. Sisi tuna bahati kidogo maana huku Kaskazini watu tumezoea kuivisha nguruwe mpaka basi kwa ajili ya tegu, waulize watu wa Mbulu, pale hospitali ya Haydom wamefanya tafiti nyingi za minyoo ya nguruwe inayoingia kichwani na kuleta kifafa, kwaiyo nyama ya nguruwe yenye damu damu kwetu ni aibu ya mpishi. Lakini usijidanganye ukasema nikikausha basi nimepona, moto unapunguza, haukupi uhakika, na mimi sichezi bahati nasibu na koo langu. Nimeacha.

Sasa turudi Majengo.

Ukiingia getini kushoto ndo ufalme wa mdudu. Kuna bucha lao dogo la kioo, gogo lao, panga lao, karai kubwa la mafuta na jiko la mkaa, na wachomaji wa pale hawavuki. Jiko la mbuzi na kuku liko mwisho kabisa wa uwanja chini ya mwembe, lina gogo lake na visu vyake na mtu wake. Hata sahani zimetenganishwa, za bluu ni za kitimoto na nyekundu ni za huku kwingine, na zinaoshwa kwenye mabeseni tofauti. Nimekaa nikaangalia kama mkaguzi wa afya, hakuna sahani ya bluu iliyopita upande wa mwembe.

Na hawajafanya hivyo kwa ajili ya watu kama mimi, hawajui hata kama tupo. Wamefanya kwa ajili ya wateja Waislamu. Anayechinja mbuzi pale ni Muislamu, wateja wa pale wengi wanatoka Majengo hapo hapo na Majengo ina Waislamu wengi, ukichanganya panga siku moja tu umefunga biashara. Kwaiyo heshima ya kuishi na majirani ndo imenijengea mimi jiko salama bila mtu yeyote kujua neno aleji. Huko Ulaya wana sheria, chakula kinachouzwa lazima waseme kama kina karanga, maziwa, mayai, samaki na wenzake, vitu 14, na kwenye hivyo 14 nyama ya nguruwe haimo. Yani mtu mwenye shida yangu akiwa mgahawani kule inabidi aulize mwenyewe na aombe Mungu mpishi amwelewe. Hapa mimi nikikaa sehemu ya Waislamu, pilau ya Ijumaa, biriani, sambusa, mishkaki ya ng'ombe, nakula bila kuuliza swali hata moja. Mjini Arusha ndo ninavyoishi, mchana nakula kwa mama mmoja wa Kirangi na sijawahi kuhangaika.

Sehemu mbaya ni zile mchanganyiko zisizojali. Kuna baa moja Arusha maeneo ya Njiro, niliagiza kuku na chipsi nikaanza kuwashwa, kwenda kuchungulia jikoni karai ni moja, kimetoka kitimoto zimeingia chipsi na vipande vya nyama bado vinaelea. Nikamuuliza jamaa wa jikoni mbona mnachanganya, ananiambia bosi mafuta yanaua kila kitu. Haya.

Majengo nikaulizia hilo kwanza kabla hata sijakaa. Nikamwambia dada anayehudumia, dada hizo chipsi zinakaangwa wapi. Akasema kaka chipsi ni za kule kwa mbuzi, kwa mdudu wana karai lao wanakaangia ndizi za upande wao. Na kachumbari? Hapo akasita. Kachumbari inakatwa meza moja inagawiwa pande zote mbili na beseni lake linazunguka huko na huko na kijiko kile kile. Akaenda kuniita mama anayekata. Mama amekuja amefuta mikono kwenye kanga ananiuliza wewe baba una nini, unaumwa? Nikamwambia mama mimi nikigusa nguruwe koo linavimba. Akasema ee pole baba, mjomba wangu dagaa zinamfanya hivyo hivyo, akaenda akaosha kisu akanikatia kachumbari yangu kwenye bakuli dogo, nyanya, kitunguu, pilipili mbuzi na ndimu. Hakuna aliyenicheka wala kuniambia najidekeza. Nimekula kwenye mahoteli yenye nyota zao ukutani sijapata huduma ka hiyo.

Nyama sasa. Chukua mbavu au paja la mbuzi, kilo ni elfu kumi na nane wakati nakwenda, kwa watu wawili wanaokula vizuri nusu na robo inatosha na ndizi. Wanachoma taratibu na chumvi na ndimu tu, hakuna yale maviungo ya kuficha nyama mbaya. Inakuja imekatwa katwa kwenye ubao, mafuta yanachuruzika, mfupa umeiva mpaka ndani. Aisee. Kuku wa kienyeji wapo ila piga simu kabla maana ni saa nzima na zaidi, na ukishaanza kunywa ukisubiri kuku unajikuta umeshiba bia. Chipsi za kawaida sana. Ndizi nimeshasema, ni nzuri zikija, shida ni kuja. Supu ya mbuzi asubuhi inasifiwa, na Jumamosi kuna mtori, huo nimeonja, mzito kama inavyotakiwa.

Jumapili wanapika kisusio. Hapo mimi napita pembeni. Najua mbuzi siyo nguruwe, na wengi wenye shida yangu wanakula ng'ombe na mbuzi bila tatizo, ila albumini za hawa wanyama wote zina ukoo, kuna wachache wanaguswa na ng'ombe pia, na kisusio ni damu na albumini makao yake ni damu. Mbuzi choma aliyeiva nakula kila wiki sijawahi kupata kitu. Kisusio wacha wazee wanywe.

Kitimoto chao kwa kusikia tu kwa washkaji, kavu wanaipa kumi kwa kumi, rosti wanasema ina nyanya nyingi. Wenyewe walimaliza kilo mbili hawakuniachia hata harufu, kwaiyo nawaamini.

Paka. Hapa ndo nimekereka. Nimekuja na aleji mbili zinazotoka mzizi mmoja, nguruwe wamenitengea vizuri kabisa, alafu paka wamejaa kila kona. Wako chini ya meza, juu ya ukuta, mmoja wa njano sikio limekatika analala kwenye kochi ndani kama mwenye nyumba. Kile chumba cha ndani kina makochi ya kitambaa na televisheni ya mpira, madirisha madogo, na makochi yamejaa manyoya. Tulikalishwa huko kwanza sababu ya mvua na kabla soda haijafunguliwa macho yangu yalishaanza kuwasha na pua inatiririka. Vitu vya paka vyepesi sana vinaelea hewani muda mrefu na vinaganda kwenye vitambaa na nguo, paka hata akiwa ametoka kitambo kochi linaendelea na kazi yake. Tulihamia nje chini ya turubai upande wa mwembe, viti vya plastiki, upepo unapita, nikatulia.

Nilimwambia mwenye baa, mzee wa makamo hivi, mzee wangu hawa paka vipi. Akanijibu kistaarabu, kijana wangu nikiwatoa paka panya watanitoa mimi. Ana hoja, bucha na mkaa na magunia ya ndizi lazima panya waje. Sisemi awafukuze. Nasema afunge ule mlango wa ndani wasilale kwenye makochi, au abadilishe makochi aweke viti vya mbao vinavyofutika na kitambaa cha maji. Dada mhudumu alijitahidi kumfukuza yule wa njano na kandambili, paka alizunguka meza akarudi kukaa pale pale. Na nyie wateja acheni kuwarushia mifupa.

Kuna jamaa kwenye meza yetu aliposikia stori yangu akasema na yeye basi ana hiyo hiyo, maana akila nyama anawashwa. Nikamuuliza nyama gani na saa ngapi, akasema yoyote, ng'ombe, mbuzi, nguruwe, anakula saa mbili usiku anaamka saa saba usiku anajikuna mwili mzima. Hiyo siyo ya paka, hiyo inafanana zaidi na ile ya kupe. Yangu inakuja haraka, mara nyingi ndani ya saa moja, na ni nguruwe. Ya kupe inachelewa saa kadhaa, watu wanalala nayo, inashika nyama zote za wanyama wanaonyonyesha kwa sababu inatokana na sukari fulani inaitwa alfa-gal ambayo hao wanyama wanayo sisi binadamu hatuna, na kupe akikung'ata anaweza kukuamshia kingamwili dhidi yake. Marekani wameisoma sana, na Afrika Kusini vijijini Eastern Cape wameikuta pia. Jamaa anafuga ng'ombe Sanya Juu. Nikamwambia nenda hospitali kaeleze hivyo hivyo, umekula nini na baada ya saa ngapi, usiseme tu nyama inanikataa.

Maana tofauti ni kubwa. Mimi nikiacha nguruwe mbuzi wangu ninaye. Yeye kama ni kupe hata mbuzi hana, abaki na kuku na samaki.

Na msijipimie nyumbani eti ngoja nile kipande kidogo nione. Kipo kipimo cha damu kinachoangalia IgE ya albumini ya paka na ya nguruwe, mimi sampuli yangu ilipelekwa Nairobi na haikuwa bei ya kuchekea, ila hata kabla ya kipimo daktari anayejua akikuuliza maswali vizuri anakaribia jibu. Swali la paka likiwa mojawapo.

Kingine ni bia. Pombe inaweza kuongeza ukali wa aleji ya chakula, na kukimbia au kazi nzito baada ya kula pia, na kitimoto ya Moshi bila bia nani anakula? Kwaiyo mtu anaweza kula mara kumi na soda asione kitu, siku akila na bia nne ndo anaanguka, watu wanasema pombe ilikuwa mbaya.

Ikitokea mezani kwenu mtu amekula akaanza vipele, akabanwa pumzi au sauti ikakwaruza, anatapika, anaona kizunguzungu, msikae kumnywesha maziwa. Nimeona watu wanaleta maziwa. Piritoni na setirizini zinapunguza kuwashwa, hazifungui koo lililofunga. Kinachohitajika ni sindano ya adrenalini ya paja na haraka, mlaze chini, miguu juu, akiwa hawezi kupumua vizuri akiwa amelala mwache akae, na gari liwashwe. Kwa Moshi hospitali ya Mawenzi iko mjini hapo hapo na KCMC siyo mbali. Zile sindano za kutembea nazo mfukoni sijaziona kwenye maduka ya dawa ninayopita, kwaiyo mimi kinga yangu ni kuuliza maswali kabla ya kuagiza, hata kama mhudumu ananiona msumbufu.

Mengine ya pale haraka haraka. Choo kisafi mchana, usiku uamuzi wako. Lipa namba ipo. Muziki wa jioni uko juu mno huwezi kumsikia unayekaa naye, mchana wanaweka nyimbo za zamani vizuri tu. Maji ya kunawa ya moto na sabuni wanaleta wenyewe mezani bila kuombwa, na wanaanza na mkubwa wa meza kama inavyotakiwa.

Siku za kazi mchana ndo muda wangu, hapana foleni na mchomaji ana muda na nyama yako. Jumapili baada ya misa panajaa familia, wiki ya Kilimanjaro Marathon huko mwishoni mwa Februari msijaribu, na Desemba Wachagga wote wakishapanda kutoka Dar sahau kabisa labda uwe na ndugu jikoni. Ukienda na una shida kama yangu mwambie dada mapema, sahani nyekundu, meza ya nje upande wa mwembe, kachumbari ikatwe upya na kisu kioshwe. Na agiza ndizi kabla ya nyama, siyo pamoja. Gari usiegeshe mbele ya geti la jirani wa kulia, yule mzee hana utani na ana mbwa.